Mashine ya kufulia ya mfuniko wa juu inapokataa kukamua

Nguo zikitoka kwenye mashine zinachuruzika maji, kitu cha kwanza kulaumiwa huwa mota, na mara nyingi hulaumiwa bure. Katika mashine nyingi za mfuniko wa juu, mota inayochezesha nguo wakati wa kufua ndiyo hiyohiyo inayozungusha pipa wakati wa kukamua. Hakuna ya pili. Kwa hiyo mashine ikiwa inafua kwa nguvu, kulia na kushoto, kisha ikashindwa kukamua, mota umekwisha kuipima bila kifaa chochote, nayo karibu hakika ni nzima. Tatizo litafutwe kwenye mambo yanayopaswa kutimia kati ya kufua na kukamua: maji yawe yametoka, mzigo uwe umekaa sawa, mfuniko uwe umefungwa, breki iwe imeachia na klachi, kiungo kinacholifanya pipa lizunguke na mota, iwe imeshika. Likikosekana moja tu, pipa halizunguki, au linazunguka kivivu.

Mpangilio huo una faida. Mambo matatu ya mwanzo hukaguliwa bila kufungua hata skurubu moja, na ndiyo yenye lawama mara nyingi zaidi. Anayeanza na bodi ya umeme ameanzia mwisho.

Kasi ikipungua kidogo, maji yanabaki mengi

Pipa linapozunguka, nguo hubanwa ukutani na maji husukumwa nje kupitia matundu. Nguvu ya kusukuma hukua kwa mraba wa kasi. Chukua pipa ambalo kutoka katikati hadi ukutani ni sentimita 25. Likizunguka mara 700 kwa dakika, kasi ya kawaida kwa mashine za namna hii, maji yaliyomo kwenye nguo husukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 130. Kasi ikishuka nusu, hadi mizunguko 350, nguvu hiyo haibaki nusu. Inabaki robo, kama mara 34 tu. Ndiyo maana mkanda unaoteleza unatosha kuziacha nguo zimelowa chapachapa, ingawa kwa kusikiliza utadhani kila kitu kiko sawa.

Umeme nao hufuata kanuni kama hiyo. Nguvu ya mota ya kawaida ya mashine ya kufulia hupungua kwa mraba wa volti. Mota iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipewa 180, inabaki na asilimia 60 hivi ya nguvu yake ya kuanzia. Inaweza kuchezesha nguo ndani ya maji bila shida inayoonekana, lakini kuliondoa pipa zito kutoka kusimama hadi mbio ni kazi nyingine. Mashine ikikamua vizuri usiku wa manane na kushindwa jioni, au ikiwa imechomekwa kwenye waya mrefu mwembamba wa kuongezea umeme, pima volti kwenye soketi huku inafanya kazi kabla ya kufungua chochote.

Sikiliza inashindwaje

Toa nguo zote, chagua kukamua peke yake, funga mfuniko, usikilize kwa dakika tano. Usikate tamaa mapema: mwanzoni mashine huzungusha kidogo na kuacha, ikazungusha tena na kuacha, ili maji yatoke taratibu kabla ya mbio kamili. Hilo si kosa. Vilevile mashine ya kisasa ikihisi pipa linayumba husimama, ikaingiza maji na kuzipanga nguo upya, na anayeitazama hudhani imechanganyikiwa.

Pipa tupu likikimbia vizuri hadi mwisho, mitambo ya chini ni mizima, na shida iko kwenye mzigo, sabuni au utoaji wa maji. Likigonga kuta likiwa tupu, tazama miguu na fimbo zinazolining'iniza. Ukisikia mvumo mzito wa mota bila pipa kusogea, kitu kimekwama au kapasita, kifaa kidogo cha umeme kinachoisaidia mota kuanza, imechoka. Mota ikizunguka kwa wepesi, sauti yake nyororo, na pipa halina habari, nguvu inapotea njiani: mkanda, puli au klachi. Na kukiwa kimya kabisa, mashine inasubiri ruhusa ambayo haijapewa, hasa ya mfuniko au ya maji.

Kwa mashine zenye kioo cha namba, soma kilichoandikwa kabla ya kuchomoa plagi, maana kitafutika. Kwenye mashine za LG, UE ni mzigo kutokaa sawa, OE ni maji kutotoka, dE ni mfuniko na LE ni mota kuzuiwa. Herufi za kampuni nyingine hutofautiana, na maana zake ziko kwenye kijitabu cha mashine.

Maji ambayo hayajatoka

Ndani ya mashine kuna mrija mwembamba wa hewa unaotoka chini ya pipa la nje, lile linaloshika maji, na kwenda kwenye sensa ya kina cha maji. Maji yakipanda, hewa ndani ya mrija hubanwa, na sensa hujua kiasi kilichopo. Bodi haitaruhusu mbio kamili mpaka sensa iseme pipa ni tupu. Kwa hiyo kuna makosa mawili yanayofanana kwa nje: maji kubaki kweli, na sensa kudanganywa.

Maji yakibaki kweli, anza na bomba la maji machafu. Kuna mashine zinazomwaga kwa mteremko, zikitumia valvu tu bila pampu. Bomba la mashine hizo lazima lilale chini karibu na sakafu. Ukilinyanyua kupita kingo ya juu kidogo, maji yaliyo chini ya kimo hicho hayatoki kamwe. Mashine zenye pampu ni kinyume chake: bomba lake hupandishwa, kwa kawaida kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni, na mdomo wake usizamishwe ndani ya maji wala kuzibwa kwa mpira kwenye bomba la ukutani. Kuchanganya aina hizi mbili ni kosa la kawaida mtu anapohama nyumba.

Kisha tafuta kilichoziba: sarafu, pini, waya wa sidiria, soksi ya mtoto iliyopita juu ya pipa la ndani na kunasa katikati ya mapipa mawili. Pampu inayounguruma bila kutoa maji ina kitu kwenye mapanga yake. Pampu iliyo kimya kabisa ipimwe kwa mita. Koili yake ikionyesha kukatika, badilisha.

Maji yakiwa yametoka na mashine bado inadai yapo, chomoa mrija wa hewa upande wa sensa, upulize kwa mdomo taratibu kuelekea kwenye pipa. Ute wa sabuni na nyuzi za nguo hujikusanya kwenye mdomo wake wa chini. Usipulize kuelekea kwenye sensa kwa nguvu, maana utando wake ni mwepesi.

Povu nalo huhesabika hapa. Sabuni ikizidi, povu hujaa kati ya mapipa mawili na kuliburuta pipa la ndani, nayo pampu hushindwa kunyonya hewa na mapovu. Dalili yake ni pipa kuanza kwa nguvu kisha kuzidiwa polepole. Suuza mara mbili kwa maji baridi bila sabuni, na tangu hapo punguza kipimo. Sabuni ya kufulia kwa mkono, yenye povu jingi, haifai kabisa kwenye mashine.

Mzigo na mizani yake

Pipa lenye blanketi moja zito upande mmoja halina tofauti na gurudumu la gari lisilosawazishwa: kadiri linavyokimbia ndivyo linavyotikisa kila kinachoshikana nalo. Mashine za zamani huzima kwa njia ya kimakanika, pipa likigonga mkono mdogo wa swichi pembeni. Za kisasa hupima kwa sensa, zikapunguza kasi au kukataa kabisa. Kwa hiyo kuona mashine inakamua polepole wakati wa kufua zulia la bafuni peke yake si ugonjwa. Ongeza taulo mbili au tatu, zitandaze kuzunguka pipa, ujaribu tena. Kujaza kupita kiasi nako ni vibaya, lakini mzigo mdogo sana wa kitu kimoja kinachonyonya maji ndio msumbufu zaidi.

Nguo zisizopitisha maji zinastahili onyo la peke yake. Koti la mvua, kifuniko cha godoro au turubai hufanya mfuko, maji yakanaswa ndani yake pipa likiwa mbioni, kisha yakahama ghafla. Novemba 2016, Samsung iliita tena mashine za mfuniko wa juu takriban milioni 2.8 nchini Marekani, baada ya kubainika kwamba pipa linaweza kupoteza mizani wakati wa kukamua kwa kasi na sehemu ya juu ya mashine ikang'oka. Hatari ilitajwa hasa kwa matandiko, vitu vikubwa na vitambaa visivyopitisha maji. Vitu hivyo vikamuliwe kwa kasi ndogo au visikamuliwe kwa mashine.

Pipa tupu likiyumba, kagua vitu vitatu. Kwanza, miguu. Shika pembe mbili zinazokabiliana kwa mshazari, ubonyeze kwa zamu. Mashine ikicheza, mguu mmoja hauko chini. Weka pimamaji juu ya mwili wa mashine, siyo juu ya mfuniko, rekebisha miguu, kisha kaza nati ya kufungia kila mguu, maana isipokazwa mtikisiko utaurudisha ulikotoka.

Pili, fimbo zinazolining'iniza pipa. Ziko nne, moja kila pembe, kila moja ikiwa na springi na kikombe cha kuzuia kudunda. Bonyeza pipa chini kwa mkono uliachie. Lipande, litulie. Likidunda mara tatu au nne, vikombe vimechakaa. Badilisha zote nne kwa pamoja. Fimbo mpya moja kati ya tatu zilizochoka inaleta kuyumba kwa namna nyingine. Tazama pia rangi za springi kabla ya kuzitoa, kwani kwenye baadhi ya mashine fimbo za mbele na za nyuma hazilingani.

Tatu, pete ya kusawazisha iliyo kwenye mdomo wa pipa la ndani. Ndani yake kuna maji ya chumvi yanayojisogeza kupingana na uzito wa upande mmoja. Ikipasuka, maji hayo huvuja, na hakuna marekebisho yoyote ya miguu yatakayosaidia. Itikise kwa mkono na uangalie mshono wake wote.

Mfuniko

Swichi ya mfuniko iko ya aina tatu: mkono wa kimakanika, sumaku, na kufuli ya umeme. Fungua na ufunge mfuniko polepole usikilize mlio mdogo. Kwenye aina ya sumaku hutasikia kitu. Hapo angalia kama sumaku bado iko ndani ya mfuniko, maana huanguka mfuniko unapopasuka. Mashine ikiwa imechomolewa, pima swichi kwa mita ya omu: mfuniko ukifungwa isome karibu na sifuri, ukifunguliwa isisome muunganiko wowote. Thamani ya katikati inayoruka-ruka ina maana kwamba vigusio vimeungua au vimeshika kutu, na swichi ya namna hiyo ndiyo inayosababisha kukamua kuanza na kukatika kila mtikisiko unapotokea.

Kuunganisha nyaya zake moja kwa moja ili mashine izunguke bila swichi ni jambo la hatari, hata kwa kujaribu mara moja. Ukuta wa pipa lenye mizunguko 700 unapita kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na mkono wa shati ukinaswa mtu hana muda wa kuutoa. Swichi ni kipuri cha bei nafuu, kinunuliwe.

Kwenda chini: mkanda na puli

Kuanzia hapa chomoa plagi, funga maji, mwaga yaliyobaki, vaa glavu nene kwa sababu kingo za bati la mashine hukata. Ukiilaza mashine, lizuie pipa kwanza kwa kuligandamiza na taulo pande zote, lisije likachomoka kwenye fimbo. Mashine zenye mota ya inveta, yaani ile ambayo kasi yake huongozwa na bodi ya kielektroniki, huhifadhi umeme kwenye bodi kwa dakika kadhaa baada ya kuchomolewa. Subiri kabla ya kugusa nyaya zake.

Vumbi jeusi chini ya mashine na harufu ya mpira ni ushahidi wa mkanda unaoteleza. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Usogee milimita 5 hadi 10 hivi. Ukizama zaidi, legeza bolti za mota, ivute mota kuukaza mkanda, kisha kaza bolti. Usipitilize: mkanda uliokazwa kama uzi wa zeze hula beringi za mota. Mikanda ya kunyumbuka yenye mifereji mingi haina marekebisho. Huvutwa tu juu ya puli, na ikilegea hubadilishwa. Ukiona nyufa, kingo zilizochanika au upande wa ndani unaong'aa, ni wa kutupa. Chukua wenye namba ileile iliyopigwa mgongoni. Mkanda wenye urefu unaokaribiana hautakuruhusu kuukaza ipasavyo.

Mafuta au grisi iliyodondokea mkanda haifutiki ikaisha. Badilisha mkanda, safisha puli, na utafute ilikotoka. Kisha shika kila puli uitikise. Puli ndogo ya mota hushikwa na skurubu, na ikilegea mota huzunguka ndani ya tundu lake. Mkanda mpya hautasaidia kitu hapo.

Klachi, mahali panapoeleweka vibaya zaidi

Chini ya pipa kuna mhimili mmoja ndani ya mwingine. Wa ndani huzungusha sahani inayochezesha nguo. Wa nje hubeba pipa. Wakati wa kufua, ule wa nje unazuiwa na breki na wa ndani unacheza peke yake. Wakati wa kukamua, yote miwili inapaswa kwenda pamoja. Katika mashine nyingi za mkanda, kinachoiunganisha ni springi iliyojiviringisha juu yake: ikiachwa huru hujikaza na kushika, ikizuiwa hulegea. Kinachoizuia ni gurudumu dogo la meno lililoshikwa na kidole cha chuma. Kidole hicho kimeungana na mkono wa breki, na mkono huo huvutwa na mota ndogo ileile inayofungua valvu ya maji machafu.

Muungano huo wa valvu na klachi kwenye mvuto mmoja unakupa kipimo kizuri. Ukiwasha kukamua na maji yakatoka, ile mota ndogo imevuta na bodi imetoa amri yake. Pipa likibaki limesimama huku sahani inazunguka chini, kasoro iko kati ya mvuto na springi. Maji yasipotoka na husikii mvuto wowote, pima mota ndogo na nyaya zake kwanza.

Sasa fanya hivi mashine ikiwa imechomolewa. Zungusha puli kubwa kwa mkono bila kugusa mkono wa breki: sahani izunguke, pipa libaki. Kisha uvute mkono wa breki hadi mwisho na uzungushe puli upande wa kukamua: pipa lifuate. Likifuata, klachi ni nzima, ila haivutwi vya kutosha inapokuwa kazini. Lisipofuata, springi imelika au imevunjika.

Kutovutwa vya kutosha hurekebishika. Kwenye mkono wa breki kuna skurubu yenye nati ya kufungia, inayokabiliana na kipande kinachovutwa na mota ndogo. Mashine ikiwa katika hali ya kufua, kuwe na nafasi ndogo kati yao, kwa mashine nyingi milimita 1 hadi 2. Nafasi ikiwa kubwa, mvuto unaishia njiani, kidole hakitoki vizuri kwenye meno, na unasikia ta-ta-ta kali wakati wa kukamua. Nafasi ikikosekana kabisa, kidole hakiingii sawasawa kwenye meno na pipa linaanza kufuata sahani wakati wa kufua. Legeza nati, zungusha skurubu robo mzunguko, jaribu, rudia. Angalia pia kama waya wa kuvutia umerefuka au mpira wa valvu umekakamaa, kwa sababu skurubu haiwezi kufidia mvuto uliokatwa na uchafu.

Breki isiyoachia huonekana kwa njia nyingine: pipa linazunguka lakini zito, kuna harufu ya kuungua, na ukivuta mkono bado pipa ni gumu kwa mkono. Breki isiyoshika ndiyo ya kuogopwa. Pipa lisiposimama ndani ya sekunde 15 baada ya kufungua mfuniko, mashine isitumike mpaka itengenezwe.

Springi ikiwa imekwisha, wengine huifungua klachi na kubadilisha springi peke yake. Inawezekana, lakini ushauri ulio bora ni kubadilisha kasha zima la klachi, kwa kuwa beringi na sili (mpira wa kuzuia maji yasipite) zimo humohumo na zina umri uleule. Linganisha urefu wa mhimili, idadi ya meno yake na matundu ya bolti kabla ya kununua.

Kapasita na mota

Mota ya kawaida ya mashine hizi ina koili mbili na kapasita moja katikati yake. Umeme ukiingia upande mmoja, mota huzunguka kulia. Ukiingia upande wa pili, kushoto. Kapasita ikichoka, kufua nako hudhoofika: sahani huvuma na kushindwa mzigo ukiwa mkubwa, na ukiisaidia kwa msukumo mdogo huanza. Ndiyo maana tulianza na kufua.

Kabla ya kuigusa, imwage chaji. Gusisha nyaya za balbu ya kawaida ya uzi kwenye ncha zake mbili kwa sekunde kadhaa, ukishika sehemu zenye plastiki tu. Kisha ipime kwa mita yenye kipimo cha mikrofaradi. Nyingi ni kati ya 8 na 15, lakini kinachoamua ni maandishi ya ubavuni. Iliyoandikwa 10 ikisoma 7, imekwisha, hata kama haijavimba. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile, na volti sawa au zaidi, kwa kawaida 450. Kuongeza mikrofaradi ili mota ipate nguvu huichemsha mota.

Koili pia zina siri nyepesi. Kati ya waya wa pamoja na kila moja ya nyaya mbili nyingine, mita isome thamani sawa. Kati ya hizo mbili zenyewe, isome maradufu. Yaani 20, 20 na 40, kwa mfano. Tofauti kubwa ni dalili ya koili iliyoungua. Kutoka waya wowote hadi mwili wa mota kusiwe na muunganiko hata kidogo.

Mashine ikikamua vizuri mzigo wa kwanza, ikagoma wa pili, kisha ikakubali tena baada ya nusu saa, kinga ya joto ndani ya mota inakata. Mota inachoshwa na kitu: breki inayoburuza, beringi ngumu, volti ndogo au kapasita dhaifu. Itafute sababu hiyo.

Beringi

Ngurumo inayopanda pamoja na kasi, hata pipa likiwa tupu, ni beringi. Tazama chini katikati ya pipa la nje. Michirizi ya kutu au maji ya kahawia ina maana kwamba sili imepitisha maji na yameshafika ndani. Shika mdomo wa pipa la ndani ulitikise huku na huku: likicheza peke yake bila pipa la nje kusogea, beringi zimekwisha. Kubadilisha sili bila beringi, au beringi bila sili, ni kazi ya kurudiwa.

Mashine zenye muundo tofauti

Mashine za mapipa mawili yaliyo kando kwa kando, moja la kufulia na jingine la kukamulia, zina mota ya peke yake ya kukamua, kwa hiyo kile kipimo cha kufua hakifanyi kazi kwake. Pipa lake dogo hukimbia karibu na mizunguko 1,400 kwa dakika, limeungwa moja kwa moja na mota. Mfuniko ukifungwa, kebo huvuta breki iachie. Kebo ikikatika au kushika kutu, mota huvuma na kuungua. Kagua kebo, kisha kapasita, kisha swichi ya mfuniko, kisha saa ya kukamulia. Mpira wa sili ulio juu ya mota ukivuja, maji hudondokea mota yenyewe, kwa hiyo tone moja la kutu juu ya mota ni sababu ya kubadilisha mpira siku hiyohiyo. Na kile kisahani cha plastiki cha kubana nguo kiwekwe kila mara, maana nguo ikiruka nje hujifunga kwenye mhimili.

Mashine za Whirlpool zisizo na mkanda, zilizotengenezwa kwa miaka mingi Marekani, zina kiungo cha plastiki na mpira kati ya mota na giaboksi, kilichokusudiwa kuvunjika kabla ya vitu vya gharama. Kikivunjika, mashine haifui wala haikamui, lakini maji yanatoka, kwa kuwa pampu iko upande wa pili wa mota hiyohiyo.

Kwenye mota ya inveta iliyofungwa chini ya pipa hakuna mkanda wala kapasita ya kuanzia. Kagua plagi za nyaya, sensa inayosoma mzunguko wa mota, na kipande cha klachi kinachopanda na kushuka. Bodi ishukiwe baada ya hivyo vyote kupimwa.

Ukimaliza, jaribu kwa hatua: kwanza pipa tupu, kisha taulo tatu zilizolowa zikiwa zimetandazwa, kisha mzigo wa kawaida. Katika kila hatua fungua mfuniko mara moja pipa likiwa mbioni, kama mashine haina kufuli, uhesabu sekunde za kusimama. Baada ya mzigo wa tatu, chomoa plagi na uguse mkanda: ukiwa wa moto kupita kiasi, bado unateleza au breki bado inaburuza, na mashine irudi chini.